Wali wa Kuonja

…kikombe kimoja tu, wala si viwili, nikifunua kifuniko sasa hivi nikamwaga humu maji ya kikombe kimoja, wali utakuwa bokoboko, punje zitashikana, tajiri Hilary atautia mkono pale barazani utamganda vidoleni, atasema mzee Stani mpunga wako mwaka huu haufai, atapanda Fuso lake ashike barabara ya Ifakara na magunia yetu yatabaki chumbani yalipo, basi, hakuna atakayejua, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umeshika tambara la kufunulia, makaa yako juu ya kifuniko yanawaka polepole, na mimi nimechuchumaa mbele ya mafiga kama mwizi kwenye jiko langu mwenyewe, jiko nililolikandika udongo kwa mikono hii, ninaogopa nini, kwani mpunga ni wa nani, nani alipanda dungu kuamia ndege tangu mpunga unachanua mpaka unainama, nani alipiga makopo na kupiga kelele hadi sauti ikakauka, akashuka jioni hawezi hata kumwita mtoto wake kwa jina, si Hilary, Hilary alikuwa mjini kwake anakunywa soda baridi, wala si mume wangu Stanislaus peke yake kama anavyojisifu huko barazani, nililima, nilipalilia, nilivuna, namsikia, kila neno linaanza na yeye, kama vile mimi na mama yake tulikuwa picha za ukutani… shemeji, huko jikoni kunanukia, anasema Hilary kwa sauti ya kusikika, shemeji wa wapi, mtu hajui hata kwamba naitwa Agnella, msimu huu wa pili anakula kwangu na hajawahi kuuliza, lakini nimemjibu, bado kidogo shemeji, nimemjibu kwa ile sauti laini ya wageni, nimeisikia mwenyewe ikitoka kooni nikaichukia, na Stanislaus akacheka kile kicheko chake cha kuazima anachokitoa tajiri akija tu, kicheko hicho sisi wa nyumbani hatukijui, sisi tunajua kile cha puani.

Desturi yenyewe ndiyo hii, tajiri wa mpunga hanunui kwa macho, anafika, anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chake chenye mfereji, anachota punje, anazisugua kiganjani, anapuliza, anatafuna mbichi, anatikisa kichwa kama daktari, halafu anasema haya, tupikieni tuonje, na mwenye mpunga anakwenda kukoboa debe moja, mke anapika, bila nazi, bila mafuta, chumvi kidogo tu, ili tajiri asikie mpunga wenyewe unasemaje, aukute umechambuka punje moja moja, na ukinukia ndipo mazungumzo ya bei yanaanza, mke anaambiwa asante shemeji, sahani zinarudi na mabaki, na mabaki hayo ndiyo sisi wenye mpunga tunagombania… na kweli unanukia, hilo ndilo linaloniuma, kama ungekuwa mpunga wa hovyo ningekaa zangu kimya, lakini hii ni shingo ya mwali, mbegu ya mama mkwe wangu Verediana, alivuka nayo mto kutoka upande wa Ulanga akija kuolewa, imefungwa kwenye pindo la kanga, na kila mwaka alikuwa anachagua masuke yake kwa mkono akayaning'iniza juu ya moshi hapa hapa jikoni, na mimi nikafundishwa nikachagua, ukiuinjika tu mchele wake jirani anajua, watoto wanaacha kucheza, na leo wameacha kucheza, namwona Rosemery amesimama pale mlangoni kidole mdomoni, anavuta hewa kwa pua, mtoto anakula harufu, maana baba yake asubuhi amesema waziwazi, huo ni wa mgeni, msiuguse, watoto wapikie uji wa chenga, chenga, vile vipande vilivyovunjika mashineni, vinavyobaki kwenye chekecheo, na chenga si kitu kibaya, mimi mwenyewe uji wa chenga naujua, ukiutia karanga za kusaga na maziwa mtoto anarudisha kikombe anataka tena, lakini mbona iwe chenga kila siku kwetu na punje nzima kila siku kwa watu wengine, bonde zima hili toka Kiberege mpaka Chita limejaa mpunga, lori kwa lori yanapita hapo barabarani yanatutimulia vumbi, na sisi tunaolima mchele unaosifiwa na nchi nzima tunaula harusini, msibani, na tajiri akija kuonja.

Nikimwaga kikombe hiki atajuaje Stanislaus, hatajua, atasema kuni zilikuwa mbichi, atasema mchele ulikuwa mpya unataka maji machache, mchele mpya ndivyo ulivyo, unalainika upesi, kila mtu anajua, uongo wenyewe umeshajitengeneza… mama Rose, unauangalia huo wali au unaupigia ramli, anasema mama mkwe wangu kutoka mkekani, amekaa pale ukutani miguu ameinyoosha, kiko tupu mdomoni, meno yamekwisha lakini ulimi haujapungua hata kidogo, namwambia naungoja ukauke mama, anasema hata mimi naungoja, mwambie mwanao Hilary asimalize, mwanangu Hilary, mama naye, hata yeye leo anataka punje mbili za mbegu yake mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya mtu mwingine, mwanamke aliyevuka mto na mbegu hiyo, anakaa jikoni anaomba mabaki, na mwanawe yuko barazani anapiga mapaja kwa furaha, hajaja hata kumwambia mama tumekoboa leo, hasira inanipanda mpaka masikio yanawaka moto, na joto hili la mafiga, na moshi… ni ile sofa, ile sofa ndiyo iliyoharibu kila kitu, mwaka jana Hilary alikuja hivi hivi, akapikiwa hivi hivi, akachukua magunia yote, yote kabisa, chumba kikabaki na harufu na panya wanashangaa, na Stanislaus akaenda mjini akarudi na sofa juu ya gari la watu, nyekundu, ina maua ya dhahabu, na meza yake ya kioo, majirani wakaja kukalia, Beatus na mkewe wakaja wakaruka ruka juu yake kama watoto, na mimi nami nilifurahi, nisiseme uongo, wiki mbili nilifurahi, nikaifunika vitambaa vyeupe nilivyofuma mwenyewe, halafu mvua zikaanza, maji yakajaa mashambani, kazi ikawa kupanda, na mchele ndani ukawa hakuna, tukawa tunakaa kwenye sofa ya maua ya dhahabu tunakula ugali na mlenda wa maji na chumvi, na Stanislaus anasema bora uzima, bora uzima, akiwa amelalia mkono wa sofa.

Halafu tukanunua mchele dukani, mimi, Agnella, wa Mchombe, niliyetoka dunguni, nikasimama dukani na kimfuko nikapimiwa mchele kwa kilo, kwa bei ambayo hata mwenye duka alikuwa haniangalii usoni akiitaja, na mchele wenyewe ulikuwa wa mwaka juzi, umechanganywa wa huku na wa huko, umelala ghalani mpaka umesahau ulikotoka, nilipoupika mama alitia tonge mdomoni, akalitema kiganjani, akaliangalia, akasema huu umekufa, basi, akalala bila kula, lakini Rosemery alikula, mtoto hachagui, alikula ule mchele uliokufa asubuhi na chai ya rangi, mchana na chumvi, usiku na ule uliobaki mchana, na mimi nikijiambia mtoto wangu anakula wali, mtoto anayekula wali ameshiba, ndivyo tulivyolelewa huku, mtu akishinda na ugali au mihogo ukimuuliza umekula atakujibu bado sijala, maana chakula kwetu ni wali, vingine vyote ni kupitisha muda, kwa hiyo nywele zake zilipoanza kuwa nyekundu nyekundu nikasema ni jua, mashavu yalipojaa nikasema ananenepa, nikamsifia, Mungu wangu, nilimsifia mtoto kwa kuvimba… yule nesi wa zahanati alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, shimo likabaki palepale halirudi, akaniuliza jana amekula nini, nikasema wali, juzi, wali, wali na nini, akasema, na nini mama, na nini, akauliza tena, si kwa ubaya, lakini alikuwa amechoka na sauti ilikuwa kubwa, na benchi zima la akina mama likageuka kunitazama, na mmoja akasema kwani si wa Mchombe huyu, Mchombe ya mpunga, wakacheka kidogo, wakaacha walipomwona mtoto, nami nikatamani ardhi inimeze, neno lile mpaka leo linanigonga kichwani nikipakua, na nini, na nini, nikifunga macho usiku, na nini… nikarudi nyumbani nikamwambia Stanislaus, akasema kutoka kwenye sofa, ana minyoo huyo, mpe dawa ya minyoo.

Wali na maziwa, hilo ndilo jibu, na halikutoka kwake wala kwangu, lilitoka kwa Dorika, jirani wa ng'ambo ya mfereji, watu wake walikuja na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, na mama hapa alikuwa hataki hata kuitikia salamu zao kwa sababu ng'ombe, sijui wao sijui wa wengine, waliwahi kukanyaga shamba lake la mpakani, Dorika alipita akamwona Rosemery amekaa kivulini hachezi, akanisalimu kwa kwao, mwangaluka mama Rose, akauliza huyu mtoto ana nini, nikamwambia, nilikuwa nalia, akaondoka, akarudi na kibuyu cha maziwa, akasema utanipa pumba ukivuna, ndama zangu zinataka pumba, wewe nipe pumba na mimi nitakupa maziwa mwaka mzima, hela ya nini kati yetu, na akaleta kila asubuhi, na mchicha tukaupanda pamoja kando ya mfereji, na taratibu mguu ule ukaacha kubaki na shimo, mama naye alimiminiwa maziwa juu ya wali laini, akala akalamba mkono, akasema ng'ombe wenyewe hawana kosa, na mimi tangu siku hiyo nimekuwa nahesabu chakula cha nyumba hii kwa akili nyingine, maana gunia moja la mpunga ukilipeleka mashineni kidogo kidogo, la wiki hii, la wiki ijayo, linakupa mchele wa kula, chenga za uji na za vitumbua, vitumbua vinawafuata watoto wa shule na kurudi na perege kutoka sokoni, pumba nusu kwa Dorika zirudi maziwa, nusu kwa kuku zirudi mayai, nyumba inakula vizuri na sijamwomba mtu hela ya mboga, lakini gunia hilo hilo ukilipakia kwenye Fuso likiwa zima, mchele umekwenda, chenga zimekwenda, pumba zimekwenda, maziwa, yai, samaki, vyote vimepanda gari, na kinachobaki ni noti, na noti za Stanislaus mwaka huu zimeshapata mchumba, zinataka pikipiki, amekwisha kuichagua, amekwisha kuikalia dukani, ataiendesha abebe abiria, atakuwa anarudi na hela ya mboga kila siku, anasema hivyo, na anaamini, si mwongo Stanislaus, huo ndio ugonjwa wake, anaamini kabisa, hata sofa aliamini itatupa heshima, lakini hela ya mboga itapitia kwenye petroli, ipitie kwenye pancha, ipitie kwenye bia mbili tatu kwa sababu dereva amechoka, na ikifika hapa jikoni itakuwa fungu moja la dagaa lenye mchanga, na nitaulizwa mbona mboga haina ladha.

Na leo, leo asubuhi, hili ndilo lililonichoma, amepeleka debe mashineni mwenyewe, kwa baiskeli, kwa sababu ni la mgeni, hakutaka nilipeleke mimi nichelewe kuongea na watu, akarudi na mchele mweupe safi kwenye kimfuko, nikamuuliza pumba ziko wapi, akasema nimeziacha kule kule, nikasema umeziacha, akasema sasa mama Rose, tajiri yuko njiani, mimi nionekane nimebeba pumba kwenye baiskeli, pumba za debe moja, ni kitu gani, na akacheka, cha puani, ni kitu gani, ni kikombe cha mtoto wako hicho ulichokiacha mashineni, nilitaka kusema, na sikusema, nikapokea kimfuko, nikachagua mchele, nikaosha, nikainjika, nikachota kikombe hiki cha maji… sasa wamefika pazuri, nawasikia, Hilary anasema lakini yote mzee Stani, gari haliwezi kurudi nusu, na Stanislaus, yote, yote tajiri wangu, ya nini kubakiza, ya nini kubakiza, amesema hivyo, mama amesikia, nimeona kiko kimesimama, Rosemery hajasikia, Rosemery anaangalia kifuniko, na mkono wangu na tambara umeshagusa sikio la sufuria, sasa, mwaga sasa Agnella, ukichelewa umekauka hauharibiki tena…

Hicho kikombe cha nani, anasema mama. Cha maji mama, namwambia. Sikuuliza cha nini, anasema, nimeuliza cha nani, na ananitazama kwa lile jicho lake moja zima, na mimi jasho linanitoka mgongoni kwa sababu ameona, ameona muda wote, na ni mama wa Stanislaus huyu, akipaza sauti tu nimekwisha, lakini anashusha sauti, anainama kuelekea motoni, anasema na mimi nilimwaga, zamani, baba yake Stani alikuwa anauza wote, nikamwaga nusu kata ya maji, ukawa uji kabisa, anacheka bila sauti, meno hayapo, ufizi tu unang'aa, matajiri wakauchukua, anasema, wakauchukua vilevile mpunga, bei wakaivunja, wakasema huu ni wa bokoboko, na baba yake Stani alikula ule uji siku mbili akasema umemlainishia tumbo, akaniambia nipike hivyo siku nyingine, hakujua mpaka kufa kwake, sikumwambia… na kutoka barazani, kama mtu aliyetumwa, Hilary anasema hata usiponukia mzee mimi nachukua, gari limeshakuja, ni bei tu ndiyo itakayoshuka, usiwe na wasiwasi, na Stanislaus anacheka, eti asiwe na wasiwasi, na mimi nimeganda na kikombe, maana nilikuwa nafikiri nina silaha mkononi kumbe nimeshika maji.

Maji tu. Ningeharibu sufuria hii, na magunia yangekwenda yale yale kwa bei ya kutupa, na jina la shingo ya mwali lingechafuka barabara nzima, mbegu iliyovuka mto kwenye pindo la kanga ikaitwa ya bokoboko, na Rosemery asingepata hata mabaki ya maana, na Stanislaus angesema kuni mbichi, angesema pole mama Rose, angenionea huruma, huruma, huyo huyo, na nisingeweza hata kumkasirikia… mambo mangapi nimemwambia mwanaume huyu kwa sufuria, siku ile ya sofa nilimpikia ugali mbichi katikati, makusudi, uwe na unga ndani, alikula, akasema umeiva vizuri, alipouza mbuzi wa Rosemery aliopewa siku ya ubatizo nilizidisha chumvi kwenye maharage juma zima, akanywa maji mengi, akasema siku hizi kuna joto, miaka yote nasema, nasema kwa chumvi, nasema kwa moshi, nasema kwa kuchelewesha chai, na hakuna aliyesikia kwa sababu hakuna sufuria iliyowahi kutamka neno, na mama yake alisema hivyo hivyo kabla yangu kwa kata ya maji kwenye jiko kama hili, na yule mzee akafa na tumbo laini hajui kitu, na Rosemery yuko mlangoni anatazama, anajifunza, kesho na yeye atakuwa amechuchumaa mbele ya mafiga ya mtu na kikombe mkononi, hapana, hilo hapana, nimekasirika tangu asubuhi lakini hii sasa ni hasira nyingine, ile ilikuwa inanitetemesha, hii imetulia, imekaa kifuani sawasawa… acha wali uive, uive kama haujawahi kuiva, uchambuke, unukie mpaka kwenye Fuso, Hilary anywe harufu yake vizuri ili ajue anachokikosa, na nitatoka na sahani yake, nitapiga goti vizuri, shikamoo sitampa kwa sababu ni mdogo kwangu, na nitasema mbele yake, mbele ya mgeni, jambo ambalo mke hasemi, najua, Stanislaus anategemea hilo, amejenga nyumba yote juu ya hilo, kwamba mbele ya mgeni Agnella hasemi, nitasema shemeji Hilary, karibu uonje, na mimi naitwa Agnella, magunia yaliyo upande wa mlango chukueni, pikipiki nayo inunuliwe, sina ugomvi na pikipiki, lakini yaliyo upande wa kitanda ni ya kuliwa humu ndani, hayana bei, na pumba za mashineni anazifuata baba Rose mwenyewe jioni hii, kwa baiskeli, mchana kweupe, na akinitolea macho nitamwuliza lile neno mbele ya tajiri wake, mtoto wako atakula wali na nini, na nini baba Rose, nitauliza kwa sauti ya yule nesi, na atajibu au hatajibu, na kama ni kipigo au ni matusi au ni kurudishwa kwetu, basi nitarudi nimesema, kwa mdomo, si kwa chumvi, naogopa, naogopa sana, na bado nitasema.

Lakini kwanza… shemeji, bado tu, anaita Hilary, njaa inauma huku, na Stanislaus anaitikia wimbo, mama Rose, leta basi maji mgeni anawe, maji, anataka maji, na ninayo hapa, yamepata vuguvugu mkononi mwangu, na anayenawa kwanza ndiye anayekula kwanza, kila nyumba ya huku iko hivyo, hata mtoto mdogo anajua, natazama kifuniko, makaa bado mekundu pembeni, dakika chache tu, sijafunua, sitafunua mpaka uwe tayari, nanyanyuka, magoti yanalia, nasema kwa sauti yangu, ile ninayomwitia Rosemery kutoka ng'ambo ya mfereji, bado, huku wananawa kwanza, na barazani kicheko cha kuazima kimekatika katikati, sijui usoni yukoje, nitamwona sasa hivi, namvuta Rosemery mkekani, naweka beseni, mama anatazama kikombe, ananitazama mimi, anasema unaninawisha mimi, na mgeni je, namwambia mgeni ataonja mama, sisi tunakula, na yeye anaweka kiko chini taratibu, anakunja mikono ya gauni, ananyoosha vile vidole vilivyochagua masuke miaka yote hiyo, Rosemery anaweka vyake juu ya vya bibi yake, na ninamimina, polepole, mpaka kikombe kinakwisha, nakiinamisha, nakitikisa juu ya majivu, halitoki hata tone.